Bomba Uani kwa Doña Oliva

Mahali palipofaa zaidi kutoboa shimo, kwa bahati mbaya ya kila mtu, palikuwa uani kwa Doña Oliva Marulanda, nyuma ya jiko, kati ya mgomba na kamba ya kuanikia nguo. Wachimbaji walikuja na mashine yao, wakatoboa ardhi mpaka wakagota mwambani, wakashusha bomba la plastiki na kulifunga juu kwa kifuniko cha chuma chenye kufuli. Pembeni yake wakaweka bomba jingine jembamba, la kupimia maji yaliyo chini ya ardhi, na juu ya paa wakafunga kifaa cha kupimia mvua. Doña Oliva aliwachemshia kahawa. Aliwaambia kwamba mtaa wa Alto del Cedro umekaa ukingoni mwa genge la mlima tangu enzi za marehemu mumewe na haujawahi kwenda popote, lakini kama manispaa ina hamu ya kuchungulia matope, ruksa, ichungulie.

Hakuuliza ni nani atakayekuwa anakuja kuchungulia.

Wiki iliyofuata geti likagongwa. Akafungua, akamkuta Rubiela Ocampo amesimama na buti za mpira, koti la njano la manispaa, na begani waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Rubiela alikuwa mtaalamu wa miamba na udongo. Kwa miaka kadhaa alikuwa pia mke wa Wbeimar, mwana pekee wa Doña Oliva, kisha akaacha kuwa mke wake. Wbeimar akaenda zake Uhispania kuendesha magari ya mizigo. Tangu hapo wanawake hao wawili walikuwa hawasemezani, jambo ambalo si rahisi katika mji ambao wote mnanunua mkate duka moja.

"Habari za asubuhi, Doña Oliva," alisema Rubiela.

Doña Oliva alimkagua kuanzia buti mpaka kofia. Kisha akageuka, akamwambia mbwa wake, dume la manjano lililoitwa Ministro, yaani Waziri:

"Ministro, mwambie huyo mama kwamba bomba lake liko nyuma. Na afute miguu."

Rubiela akafuta miguu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Alishusha bombani kipimo chembamba kama mtaimbo, chenye magurudumu madogo, mpaka kikagusa chini. Kisha akakivuta juu polepole, akisimama kila baada ya hatua fupi ili kisome bomba limelalia upande gani. Baadaye ofisini yeye na mwenzake, Nidia, waliweka namba hizo kwenye kompyuta, na kompyuta ikawachorea mstari. Mlima ukitulia, mstari unasimama wima. Udongo wa juu ukianza kuteleza juu ya ule wa chini, bomba linapinda, na mstari unapinda nao.

Kiangazi chote mstari ulisimama wima. Doña Oliva alikaa mlangoni pa jiko akimenya viazi, na habari zote zilipitia kwa mbwa.

"Ministro, muulize kama mlima umehama."

"Haujahama," alisema Rubiela, akiwa amepiga magoti.

"Mwambie tulimwambia."

Alikuwa na sababu zake za kununa. Mwanawe alipomleta nyumbani msichana anayesomea udongo, Doña Oliva aliwaeleza dada zake kwamba kijana amekosa wasichana wote wanaosomea unesi na benki, ameokota anayesomea matope. Hilo angelisamehe. Alichoshindwa kusamehe ni kwamba msichana huyo, ukimuuliza kitu, anakujibu.

Kisha mvua zikaja. Mvua katika milima ile si jambo la kumshangaza mtu, lakini za mwaka ule hazikujua kupumzika. Zilianza kila siku baada ya chakula cha mchana, zikanyesha mpaka kahawa mashambani ikaanza kuoza mtini, na asubuhi ukungu ukashuka barabarani usione hata kanisa. Kifaa cha paani kilijaa maji na kujimwaga, kikajaa na kujimwaga. Maji katika bomba jembamba yakapanda.

Siku moja Nidia aliitazama kompyuta, akasogeza kiti, akaitazama tena.

"Njoo uone mama mkwe wako," alisema.

"Si mama mkwe wangu."

"Haya, njoo uone ua wa asiye mama mkwe wako."

Mstari ulikuwa umepinda, kidogo tu, chini kabisa karibu na mwamba, kama mtu aliyesukumwa kiunoni. Rubiela aliukodolea macho kwa muda. Alitamani sana kipimo kiwe kibovu. Akaenda kukijaribu kwenye bomba la mtaa mwingine, kikasoma sawasawa.

Aliporudi uani kwa Doña Oliva aliomba kuingia ndani aone kuta. Ministro aliulizwa maoni yake, akakaa kimya, na hilo likachukuliwa kuwa kibali. Jikoni palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ikining'inia chini sana, karibu na jiko la gesi, mahali ambapo hakuna mtu angeweka picha. Rubiela aliinyanyua. Nyuma yake palikuwa na ufa unaoweza kupitisha kidole. Sebuleni akakuta misumari mitatu mitupu ukutani, na kando ya kila msumari ufa mwembamba zaidi. Picha ilikuwa imehama nyumba nzima ikifuata ufa mkubwa kuliko wenzake.

"Mlango wa chumbani unafunga?" aliuliza.

"Ministro, mwambie mlango umevimba kwa unyevu."

"Haujavimba. Fremu imekaa upande."

Doña Oliva aliichukua picha kutoka mikononi mwake, akairudisha mahali pake, akaipangusa vumbi kwa kitambaa cha jikoni.

Ofisi iliamua kwamba nyumba zote za ukingoni zihamwe mpaka mvua zitulie. Watu wa zima moto walipita mlango kwa mlango. Watu walilalamika, wakabeba magodoro na televisheni na kuku, wakapanda ngazi za mtaa kwenda kulala katika ukumbi wa shule. Hata Don Evelio, fundi viatu aliyepinga kila kitu kilichowahi kutangazwa na manispaa, alifunga kibanda chake na kuondoka, akisema anakwenda kwa sababu ya chakula cha bure tu.

Doña Oliva hakwenda. Aliwafungia zima moto geti, akawazungumzia kupitia dirishani. Wakampigia simu Wbeimar huko Zaragoza, naye akampigia mama yake.

"Mama, ondoka hapo."

"Nani kakwambia habari zangu?"

"Wamenipigia. Wanasema Rubiela amepima—"

"Ahaa," alisema Doña Oliva, akakata simu.

Kwake jambo likawa wazi kama maji. Yule mwanamke ameshindwa kumtoa katika moyo wa mwanawe, sasa anataka kumtoa ndani ya nyumba yake.

Ikawa zamu ya Rubiela kwenda. Ilikuwa alasiri, mvua inapiga mabati, na maji ya matope yanateremka ngazi kama mto mdogo. Hakugonga geti. Aliingilia uani, kwa kuwa funguo za huko alikuwa nazo kwa ajili ya kazi, akavua buti mlangoni pa jiko, akaingia na soksi. Akafungua kabati, akatoa sufuria. Akaweka maji motoni, akadondosha ndani kipande cha sukari guru, akaanza kutafuta unga wa mahindi.

Doña Oliva alitokea mlangoni. Ministro alikuwa amelala chini ya meza kwa woga wa radi na hakuweza kutumwa.

"Unafanya nini jikoni kwangu?" aliuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia mwenyewe, ana kwa ana, tangu ndoa ivunjike.

"Napika. Unga uko wapi?"

"Kapike kwako."

"Nalala hapa leo. Bomba langu liko hapa. Kama wewe hutoki, na mimi sitoki."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nikiwaambia ofisini watanifukuza kazi."

Doña Oliva alivuta kiti akakaa. Alimwona mkamwana wake wa zamani akikanda unga, tena kwa maji ya baridi, akayafumba macho ili asione. Kutoka ukutani, mahali fulani nyuma ya picha, kulisikika mlio mkavu kama mtu anayevunja biskuti.

"Nyumba ikianguka," alisema Doña Oliva, "tutakuwa wote wawili humu."

"Ndiyo."

"Watatufukua pamoja."

"Nadhani. Jiko ni dogo."

"Watatuzika siku moja."

"Ingekuwa rahisi kwao, ndiyo."

"Na padre atasimama aseme kwamba mwisho tulipatana."

Rubiela aliwaza kidogo. Hakutaka kumdanganya.

"Padre huyu tuliye naye, atasema hivyo," alijibu. "Pengine na kulia atalia."

Doña Oliva aliinuka. Akaenda chumbani, ambako mlango haukufunga, akarudi na mkoba, koti, na sufuria yake ya presha. Akaitoa picha msumarini, akaivingirisha ndani ya shuka. Akamvuta Ministro kwa mkanda kutoka chini ya meza. Mlangoni akageuka.

"Zima hiyo gesi," alisema. "Na mikate ya arepa haikandwi hivyo."

Usiku ulipita shuleni bila tukio, ukiacha kwamba Don Evelio alikoroma. Mlima haukuanguka. Kesho yake mvua ikanyesha nusu siku, ikakatika, na mlima haukuanguka. Siku iliyofuata anga likafunguka bluu tupu, theluji ya volkano ya Ruiz ikaonekana juu kule kama kitu kilichofuliwa, na mlima ulikuwa palepale, nyumba zote zimekaa ukingoni mwake na mapazia yao.

Asubuhi hiyo watu walikuwa wamekusanya magodoro. Walishuka mpaka pale juu ya ngazi ambapo utepe wa njano ulikuwa umefungwa, wakamkuta Rubiela amesimama mbele yake na simu mkononi. Polisi aliyepewa zamu ya kulinda utepe alikuwa amekwenda kununua sigara.

"Injinia, habari ya asubuhi," alisema Don Evelio, kwa upole mwingi kama mtu aliyejiandaa. "Jua unaliona?"

"Naliona, Don Evelio."

"Mvua imekatika."

"Imekatika."

"Basi tupishe, mama. Ngozi zangu zinaota ukungu kibandani."

"Mvua imekatika juu, lakini maji bado yanashuka ndani ya mlima," alisema Rubiela. Kifaa kilichokuwa ndani ya bomba jembamba kilituma namba zake kwa simu, na Nidia alikuwa akimsomea kutoka ofisini. "Kwenye bomba bado yanapanda. Polepole, lakini yanapanda. Mpaka yaanze kushuka, sitaki mtu chini."

"Kwa hiyo mlima utaanguka."

"Sijui."

"Utaanguka lini?"

"Sijui."

"Leo? Jumapili? Krismasi?"

"Don Evelio, sijui. Inawezekana usianguke kabisa."

Watu wakacheka, si kicheko kibaya sana, kicheko cha watu waliolala sakafuni. Mwanamke mmoja aliyebeba kuku alisema kwamba ametolewa kwake kwa mambo mengi maishani, lakini hajawahi kutolewa kwa sijui. Don Evelio akaweka mkono juu ya utepe.

Rubiela aliona anashindwa. Alijua maneno ambayo yangewazuia. Angesema tu kwamba mlima unaanguka leo, saa fulani, kompyuta imeonyesha, nao wangerudi shuleni mbio. Yalimfika mpaka mdomoni. Lakini kesho mlima ukibaki, hakuna hata mmoja angemsikiliza tena. Tena hayakuwa kweli. Akayameza maneno hayo.

"Evelio, toa mkono wako hapo," ilisema sauti nyuma.

Alikuwa Doña Oliva, amevaa koti lake la kanisani kwa kuwa hakubeba jingine, mbwa kando yake. Watu wakampisha. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ukingoni kuliko zote.

"Mimi simpendi huyu mwanamke," aliwaambia. "Mnajua wote. Nilimwalika kwangu mara ya kwanza, nikapika maharage, nikamuuliza mbele ya dada zangu kama ni matamu. Akasema yameungua kidogo chini."

"Yalikuwa yameungua?" aliuliza mwenye kuku.

"Hilo siyo suala. Mwanangu aliimba nyimbo za mapenzi madirishani kwa miaka yote ya ujana wake, mtaa mzima ukimpigia makofi kwa heshima yangu. Akamuuliza mke wake kama ana sauti. Akamwambia hana."

Hakuna aliyemtetea Wbeimar. Watu kadhaa waliangalia chini.

"Mtu wa namna hii huwezi kuishi naye, na mwanangu hakuweza. Lakini akisema hajui, ni kwamba hajui. Na akisema msishuke, mimi sishuki. Evelio, wewe una ngozi tu huko chini. Mimi nina nyumba."

Akatandika shuka yake juu ya ngazi ya juu kabisa, akakaa juu yake, katikati, akiziba njia. Ministro akajilaza miguuni pake. Kumruka Doña Oliva Marulanda aliyevaa koti la kanisani lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu wa Alto del Cedro aliyelelewa kulifanya. Baadhi wakarudi shuleni wakinung'unika. Wengine wakakaa juani. Don Evelio alitangaza kwamba anasubiri mpaka chakula cha mchana, baada ya hapo hatamsikiliza mtu yeyote.

Rubiela alikaa ngazi hiyohiyo, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Alitaka kusema asante, lakini alihofia ingeharibu kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa kinakaribia, harufu ya supu inatoka shuleni, mianzi ya chini ya genge ilipoanza kukatika. Hakukuwa na upepo. Ilikatika mmoja mmoja, kwa milio mikali, kisha mingi pamoja. Ministro akasimama. Ndipo ukaja muungurumo, mzito na wa taratibu, kama lori linalomwaga kokoto na halimalizi.

Mlima ulishuka bila haraka, na hilo ndilo watu walilosimulia zaidi baadaye. Mgomba wa uani uliondoka umesimama wima, na majani yake yote, ukapita mbele ya macho yao kama abiria. Nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Kisha nyumba ya Doña Oliva ikakaa chini, kwanza jiko, halafu sebule, halafu paa likajikunja. Nyumba ya jirani ikaifuata, na ile ya pili yake, na kibanda cha viatu. Vumbi halikuwepo, kila kitu kilikuwa kimelowa. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi na gesi.

Halafu kukawa kimya. Watu walihesabiana kwa macho. Wote walikuwepo. Mwenye kuku alikuwa amemwachia kuku wake na hakuonekana kulijua hilo.

Simu ya Rubiela ikalia.

"Bomba la Alto del Cedro limeacha kutuma," alisema Nidia.

"Najua."

"Betri?"

"Hapana, Nidia. Si betri."

Akakata simu. Mpaka dakika ile, akiwa na mstari uliopinda na maji yanayopanda, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inatumaini mlima utabaki, achekwe Jumapili. Aliinamisha kichwa juu ya magoti akalia, kwa sauti, buti zake zimejaa matope, mbele ya mtaa mzima. Don Evelio alivua kofia. Alitafuta jambo la kupinga, akalikosa, akaenda kumletea kiti, ingawa alikuwa tayari amekaa.

Doña Oliva hakulia. Alitazama mahali palipokuwa na nyumba yake kama anayesubiri irudi.

"Shuka za kwenye kamba zilikuwa mpya," alisema. Kisha akamwambia Rubiela, "Nisogezee huo mguu, nainuka."

Alihamia kwa Rubiela siku hiyohiyo, kwa kuwa dada zake waliishi mbali, na shuleni Don Evelio alikoroma. Ilikuwa iwe kwa wiki moja. Ikawa mpaka mwisho wa mvua na zaidi. Waligombana juu ya chumvi, juu ya televisheni, juu ya namna ya kukunja taulo. Wbeimar alipiga simu kumwita mama yake Uhispania, akajibiwa kwamba watu wa huko wanakula chakula cha usiku usiku wa manane na hilo haliwezekani. Akaomba kuongea na Rubiela. Wakaongea vizuri, kama watu waliowahi kusafiri basi moja.

Mwisho manispaa ikampa Doña Oliva chumba na sebule katika jengo jipya upande wa pili wa bonde, ghorofa ya nne. Rubiela alimsaidia kuhama. Hakukuwa na mengi ya kubeba. Walipofungua dirisha la chumbani waliliona genge la Alto del Cedro, likiwa na kidonda chekundu kutoka juu mpaka mtoni, na wafanyakazi wadogo kama siafu wakijenga mifereji ya maji pembeni yake.

"Kitanda kikae upande ule," alisema Doña Oliva, akionyesha ukuta usio na dirisha.

Rubiela akakisukuma upande ule. Kisha akapanda juu ya kiti kufunga pazia, na Doña Oliva akakishika kiti kisiyumbe, akimwelekeza, kulia kidogo, hapana, umezidisha, rudisha. Nje mawingu yalikuwa yamejaa tena upande wa theluji. Matone ya kwanza yalipogonga kioo, Rubiela alishuka, akavaa buti, akaenda kuangalia mabomba ya mitaa mingine.